Mabeseni Matatu Nyuma ya Jiwe Jeupe

Shemeji yangu aliniibia jiwe. Si jiwe la kubeba mkononi. Ni lile jeupe lililo nje ya mwamba wa matumbawe, na kila mgeni anayekuja kuzamia huambiwa kwamba siri yake aliigundua yeye.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu, kiongozi wa wazamiaji, kifua mbele, tumbo mbele zaidi. Wenzake humwita Nyangumi naye hufurahi, hajiulizi kwa nini. Mimi niliacha shule darasa la pili. Kazi yangu ni kusuuza suti za kuzamia kwenye ngazi za gati, miaka kumi na minane sasa. Mkondo wa maji pale hauna adabu: umeninyang'anya mabeseni matatu, na yote dereva wa boti aliniokotea mahali pamoja, nyuma ya jiwe jeupe, yanazunguka taratibu kama yananisubiri.

Siku moja ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu, Nyangumi alikuwa anawavalisha wageni wanne mitungi ya hewa. Nikamwambia, "Shemeji, ngoja kwanza. Boya limelala, mkondo bado mkali."

"Kitabu cha maji kujaa na kupwa kinasema saa nne yametulia. Wewe umekisoma?"

"Sijakisoma. Hata boya halijakisoma."

Dereva alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nyangumi akanuna, akajitosa na wageni wake.

Haikupita robo saa, mapovu yao yakapotea. Dereva akazunguka boya kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akaja mbio gatini.

"Dada, nimewapoteza!"

"Sasa kwenye boya unazunguka nini? Nenda kwenye mabeseni yangu!"

Akaenda. Aliwakuta wote watano nyuma ya jiwe, wameshikana mikono, wanazunguka taratibu, Nyangumi katikati na pezi moja mguuni.

Kufika gatini, Nyangumi hata pumzi hajavuta: "Nilishapanga na dereva atusubiri pale. Mkondo huu naujua kama sebule yangu!"

Dereva akatazama vidole vyake vya miguu.

Leo ubao wa ofisini umeandikwa "Kona ya Nyangumi". Wageni wanaupiga picha. Suti yake naisuuza ya mwisho, kwa maji yaliyokwisha kusuuza za wenzake.

Sitaki zawadi. Nyangumi ana deni langu la sentensi moja, kwa sauti ileile, kwenye gati lilelile, mbele ya wageni: kwamba aliyejua ni shemeji yake. Dereva naye anataka ninyamaze, mimi namdai aseme "ni kweli". Na ubao ule ni wa chaki. Kuufuta ni kazi ya kiganja kimoja.