Kochi Moja kwa Nyumba Arobaini

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mguu anaokanyagia cherehani ndio huo huo wenye kidonda. Naanza na hilo ili mtu asinisome hadi katikati akidhani nahadithia mambo ya makochi tu.

Alinilea yeye tangu nina miaka sita, baada ya baba, ambaye ni kaka yake, kwenda kutafuta kazi mbali na kuanza kurudi kwa barua. Chumba chake cha mbele ndicho karakana, ndicho sebule, na mvua ikinyesha ndicho pa kuanikia nguo. Cherehani iko dirishani. Pembeni kuna friji ndogo ya mlango mmoja, na ukutani kuna kochi la watu watatu ambalo springi yake ya upande wa kushoto ilikatika kabla sijajua kusoma. Ukikaa kushoto inakuchoma pale pale usipoweza kujikuna mbele za watu. Kwa hiyo sisi wa nyumbani hukaa kulia, na mgeni tusiyempenda huelekezwa kushoto kwa heshima zote.

Mtaa wetu ni wa watu wa Kisiwa Kidogo. Hakuna kati yetu aliyewahi kukiona kisiwa chenyewe. Mababu zetu waliletwa na meli kufanya kazi katika kiwanda cha kamba, na safari iliyofuata meli hiyo hiyo ikawaleta watu wa Kisiwa Kikubwa. Kampuni ikatuweka sisi upande huu wa mfereji na wao upande ule. Kiwanda kilishakufa, mfereji bado upo. Tunafanya vibarua vile vile, paa zetu zinavuja mvua ile ile, hata kuoana tunaoana, lakini ukitaka ugomvi wa kutwa nzima uliza tu nani kati yetu ana hali nzuri kuliko mwenzake.

Tofauti ya kweli ninayoijua mimi ni moja. Mtu wa Kisiwa Kikubwa akigongewa mlango na asiyemjua, anaficha. Redio inaingia chini ya kitanda, viti vinakimbizwa uani, na ukimuuliza habari za maisha anakujibu kwa sauti ya mgonjwa, "Tunasukuma siku tu." Mababu zao waliwahi kunyang'anywa vyombo na kampuni, na woga huo wameurithi pamoja na pua. Sisi tukigongewa mlango, tunaazima. Mgeni hatoki nyumba ya Kisiwa Kidogo akituonea huruma. Afadhali tulale na njaa, lakini yeye aondoke akisema hawa watu wamejaaliwa. Na bingwa wa shughuli hiyo katika mtaa mzima ni Shangazi.

Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani mwaka mzima nikichomoa nyuzi kwenye magauni ya watu. Kisha taasisi moja ya utafiti ikatangaza inatafuta wadadisi, yaani watu wa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali, mmoja kutoka kila mtaa. Nikapata. Wa upande wa pili alikuwa kijana tuliyemwita Miwani, kwa sababu alikuwa nayo na hakuona mbali hata akiivaa. Kazi ilikuwa kulinganisha hali ya maisha ya mitaa miwili. Mkuu wa utafiti, mama mpole mwenye viatu vyeupe visivyochafuka, alifunga mlango akatueleza lile ambalo hatukuruhusiwa kumwambia mtu: mtaa utakaoonekana una hali mbaya zaidi ndio utakaojengewa zahanati. Watu wasijue, alisema, wasije wakapindisha majibu. Tukaweka sahihi kwamba tutafunga midomo.

Siku hiyo hiyo nilimtembeza mtaani kwetu. Akatazama, akatikisa kichwa, akanishika bega. "Pole," akasema. "Lazima mmeteseka sana nyinyi." Alisema kwa nia njema kabisa, na mimi nilimchukia papo hapo. Najua sasa kwamba dhambi yangu yote ilianzia kwenye bega lile.

Utaratibu ulikuwa kumpelekea mwenye nyumba karatasi ya taarifa siku moja kabla. Nyumba mbili kwa siku, moja asubuhi na moja mchana, siku ishirini. Aliyeuweka utaratibu huo hakuwa mtu wa Kisiwa Kidogo. Kutupa sisi siku nzima ya kujiandaa kwa mgeni ni kututafutia makosa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mpiga rangi. Nikakuta kochi zuri lenye kava la bluu, nikampongeza moyoni. Nyumba ya pili, kochi lenye kava la maua. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja ambaye tangu utoto wangu sikuwahi kuona kwake kitu cha kukalia zaidi ya ndoo iliyopinduliwa. Leo ana kochi lenye kava la mistari, na pindo lake limeshonwa mara mbili, mshono ninaoujua kama mwandiko wangu. Nikakaa kushoto. Springi ikanisalimu. Niliruka.

"Kulikoni, dada?" mjane akauliza, macho yamemtoka.

"Mbu," nikasema.

"Mbu wa huku wakali," akasema, na sote wawili tukayatazama makaratasi.

Kuanzia hapo nilikaa kulia. Shangazi alikuwa ameshona makava saba, na kila nilipotoka nyumba moja wanaume wawili walilipitisha kochi kwenye uchochoro wa nyuma, na friji ikifuata nyuma yao imevikwa shuka; jioni vyote vilikuwa vimesharudi kwetu kabla sijafika. Mwenye nyumba alinikaribisha maji ya friji, nami nikayanywa, ya vuguvugu, kwa sababu friji ilikuwa bado inahema kwa safari. Hakuna aliyecheka. Kwao halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo. Mtoto wao wa kuzaliwa alikuwa amekuja na kalamu ya ofisi, wamvunjie heshima?

Siku ya tisa zamu ilifika nyumbani kwetu. Asubuhi nilikuwa nimemwomba Shangazi tusichanganye undugu na kazi, naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili.

"Karibu, dada mdadisi," akanipokea mlangoni, amevaa gauni la kutokea.

"Ahsante, mama. Je, kaya hii ina friji?"

"Si unaiona."

"Ni ya kaya hii?"

"Ya nani tena, dada mdadisi? Au huko ofisini kwenu friji huzurura zenyewe?"

Nikatia alama ya vema. Sheria ilisema utie alama kwa unachokiona kwa macho yako, na mimi nilikiona. Lakini ukurasa wa mwisho wa kila fomu ulikuwa na mistari mitatu mitupu, na juu yake pameandikwa: Maoni ya mdadisi. Andika jambo lolote uliloliona linaloweza kubadili maana ya majibu. Hapo ndipo ningeandika kwamba kochi ni moja. Ningeweza kuliandika bila kumtolea mtu siri mbele ya mwenzake wala kuvunja ahadi ya ofisi. Maneno manne yangetosha. Nilikuwa nafika pale, kalamu inasimama, namkumbuka yule mama na pole yake, naona viatu vyeupe vikija tena kutuhurumia, kisha nageuza karatasi. Nilifanya hivyo mara arobaini. Siwezi kusema nilipitiwa.

Miwani naye alinisimulia wakati wa chakula cha mchana. Kila nyumba aliyoingia aliona sakafuni alama nne za miguu ya kochi, na kochi halipo. "Nimeandika halipo," akasema, "maana halikuwepo."

"Kwetu kila nyumba ina kochi," nikamwambia, na nikajisikia nikijigamba. Aibu ya sauti ile ninayo hadi leo.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa shule, mitaa yote miwili imekaa, kila mmoja upande wake. Ukutani waliweka mchoro wa nguzo mbili. Yetu ilikuwa ndefu, yao inaifikia kiunoni. Mkuu wa utafiti akasema watu wa Kisiwa Kidogo, kinyume na alivyodhani mwenyewe, wamepiga hatua kubwa. Watu wetu wakapiga makofi. Shangazi alipiga kwa kusimama. Kisha yule mama akafungua ukurasa mwingine akasema kwa hiyo zahanati itajengwa upande wa pili wa mfereji, kwa wenye shida zaidi. Makofi yakakatika moja moja. Ya Shangazi yalikuwa ya mwisho, nadhani kwa sababu alikuwa hajasikia vizuri.

Nje ya ukumbi Miwani alinivuta pembeni. Hakuwa na ubaya, alikuwa kama anauliza kweli. "Mimi watu wangu nimewapatia zahanati," akasema. "Wewe wako umewapatia nini?"

Ni miaka mitatu sasa. Mimi nauza madaftari na kalamu dukani, kazi isiyomdhuru mtu. Shangazi alipatwa na sukari, kisha kipele kidogo cha kisigino kikawa kidonda. Muuguzi alisema kisafishwe kila siku. Zahanati unaiona ukisimama uani kwetu, unaweza hata kutambua rangi ya mapazia, lakini daraja liko mwisho kabisa wa mfereji, na kwa mtu mwenye fimbo ni mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Anakwenda siku tatu kati ya saba, kwa sababu akienda zote hashoni. Daktari amemwambia wazi kwamba akiendelea hivi, msimu ujao wa mvua mguu utakatwa. Na cherehani yake haina mota.

Jumamosi iliyopita nilipiga moyo konde. Nikakata shauri kumweleza kila kitu, mistari mitatu, bega, yote. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamkuta amesimama mlangoni ananingoja, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ingia, nina neno limenikaa kooni tangu lini sijui." Hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu. "Lile kochi, mwanangu. La ule mwaka wa maswali. Lilikuwa hili hili, nyumba zote. Mimi ndiye niliyeshona makava, mimi ndiye niliyewapanga watu. Nilikudanganya wewe, niliyekulea mwenyewe. Wewe hujui uongo tangu mdogo, ungejua ungeandika, na leo zahanati ingekuwa hapa. Nimeukata mguu wangu mwenyewe, hiyo sawa, nitabeba. Lakini nilikuharibia kazi yako. Nisamehe, mama."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kumwona Shangazi akilia, hata alipomzika mumewe. Na mimi nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Mlango ulikuwa wazi wa kuyasema. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Yameisha, Shangazi. Sikulitambua hata kidogo."

Akashusha pumzi. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, ile yenye vidole vilivyotobolewa na sindano, akasema Mungu anibariki. Tukakaa. Yeye kwenye kiti cha cherehani, mguu juu ya stuli, mimi kwenye kochi. Alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga aliposita ghafla. Akawa ananitazama. Hakunitazama usoni, alitazama nilipokaa.

Nilikuwa nimekaa kulia, ukingoni kabisa, kama kawaida.

"Kule kwa watu," akasema taratibu, "ulikuwa unakaa upande gani?"

Ningeweza kusema katikati. "Kulia," nikasema.

"Nyumba zote?"

"Kuanzia ya tatu."

"Ya tatu ni ya mjane."

"Ndiyo. Kwa mjane nilikaa kushoto."

Akatikisa kichwa kama anavyofanya akipima kitambaa na kukuta hakitoshi. "Na hilo la zahanati, walikuwa wamekwambia?"

"Siku ya kwanza kabisa, Shangazi. Na palikuwa na nafasi ya kuandika. Sikuandika. Sikutaka watuonee huruma."

Nilingoja anipige kelele. Ningeshukuru. Aliangalia kidonda chake, bandeji ya juzi imeshaanza kuwa njano, kisha akaangalia cherehani, kisha mimi.

"Basi nirudishie msamaha wangu," akasema.

Sikujua msamaha hurudishwa vipi. Nilipiga magoti sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, nikasema nisamehe wewe, nisamehe, mimi ndiye. Alitafuta kiatu cha mguu mzima, akakivaa, akasimama kwa fimbo. "Zahanati wanafunga saa tisa," akasema.

Tuliupita mtaa mzima. Watu wakamsalimia, akaitikia kwa furaha, na mpiga rangi alipomuuliza mguu unaendeleaje alijibu kuwa unaendelea vizuri sana. Darajani ambapo mbao zimelegea nilimpa mkono. Aliihamishia fimbo upande niliokuwapo mimi, akavuka.