Vipimo Viwili vya Chiriku

Mama Makochi hakusomea udaktari, na hata huo ufundi anaotamba nao hakuusomea. Aliupata kwa marehemu mumewe, kwenye kibanda cha kutengeneza makochi, na mume alipofariki akashika nyundo akaendelea peke yake miaka kumi na minane. Jina likamganda hapo. Usimwone alivyo mfupi, na ovaroli lake la bluu lililokunjwa mara tatu miguuni. Mwonyeshe kochi lolote, atalibonyeza kwa kidole gumba na kukuambia kama ndani kuna sponji au kuna matambara, na kama ni matambara atakucheka mbele ya wageni wako.

Hospitalini aliingia kwa bahati tu. Aliitwa kuvisha upya viti vya chumba cha kusubiria, pale hospitali ya umma, akamwona mama mmoja amempakata mtoto wa miaka minane tangu asubuhi. Mtoto hakuweza kukaa mwenyewe, na huyo mama wa watu alibanwa na haja, hana wa kumwachia. Mama Makochi akampokea mtoto, akamweka kwenye kiti kibovu, akamshindilia vipande vya sponji huku na huku, akamzungushia mkanda. Mama mtu aliporudi kutoka msalani alimkuta mwanawe amekaa wima, anatazama watu, akabaki mlangoni analia. Wakubwa wa idara ya mazoezi ya viungo wakasikia. Haukupita mwezi, Mama Makochi alikuwa amepewa karakana nyuma ya chumba cha kufulia, na huu ni mwaka wa kumi na moja anatengeneza viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo, kwa mbao na sponji za serikali. Mzazi halipi chochote.

Ni mtu mwema, hilo sibishi. Lakini tusidanganyane, ana kichwa kigumu kupita mbao zake. Akishapima, hapimi tena. Alikuwa akijipiga kifua kwamba katika viti vyote alivyotengeneza hakuna hata kimoja kilichorudishwa, na ole wako umkosoe. Dokta wa mazoezi, binti wa miaka ishirini na saba aliyetoka chuoni na shahada yake, alijaribu mara moja alipoanza kazi. Mama Makochi alimjibu "mwanangu" mara tatu katika sentensi moja, na binti akafunga mdomo kwa miaka mitatu.

Basi wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, akaletwa Chiriku. Hilo ni jina alilopewa na baba yake, kwa sababu ana miaka saba na maneno hayamwishi. Yanatoka polepole, moja moja, huku shingo ikihangaika kuyasukuma, lakini yanatoka kutwa nzima. Baba mtu ni fundi rangi, mrefu, mpole, rangi nyeupe imemganda masikioni. Mama mtu yuko kiwandani zamu ya mchana, kwa hiyo baba ndiye anayembeba hospitali, na mtoto humng'ang'ania shingoni kwa mikono yote miwili utadhani anafukuzwa.

Fundi rangi alieleza shida yake akitazama sakafu. Shule ya jirani ilimkataa mwanawe miaka miwili mfululizo. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, alisema, ila ana watoto sitini darasani na hana mtu wa kumshika mmoja. Mwaka huu amekubali kumjaribu, kwa sharti. Siku shule ikifunguliwa, Chiriku akae darasani peke yake kuanzia kengele ya asubuhi mpaka kengele ya mapumziko, bila kushikwa na mtu. Akiweza, nafasi ni yake. Akishindwa, anapewa mwingine, naye asubiri mwaka mwingine tena.

Mama Makochi aliuliza, ni hilo tu? Akatoa futi yake ya chuma. Alimlaza mtoto juu ya meza, akampima nyonga, mapaja, mgongo, akiwa amekunja uso vile anavyoukunja akiwa na kazi. Dokta wa mazoezi alikuwepo. Alifungua mdomo, akaufunga. Vipimo vikaandikwa, mtoto akabebwa, na kazi ikaanza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata wakarudi kujaribu kiti. Nacho kilikuwa kiti hasa, mbao zimepigwa msasa mpaka zinateleza, mikanda imeshonwa mara mbili. Chiriku aliwekwa, akaenea barabara. Mgongo umekaa, miguu imenyooka mahali pake, kimeza cha mbele kimemfika kifuani. Fundi rangi macho yalimjaa maji. Mama Makochi alikunja mikono akangoja sifa zake.

Wakati huohuo mfuaji wa nguo za wagonjwa akapita na toroli, akaubamiza mlango wa karakana. Mama Makochi akamgeukia, akampa vidonge vyake. Akamuuliza kama kwao milango hufungwa kwa mateke, na kama toroli ile ni ya mashuka au ya mawe. Chiriku akaangua kicheko. Alicheka mpaka kichwa kikaanguka nyuma, na alivyocheka mwili wote ukalegea, akaanza kuteleza chini ya kimeza kama kipande cha sabuni, mpaka zikabaki kuonekana nywele tu. Baba alimdaka miguu kabla hajafika sakafuni.

Wakamweka tena. Akimkumbuka mfuaji, anacheka, akicheka anateleza. Fundi rangi aliomba radhi, kana kwamba kosa ni la mwanawe, akaeleza kuwa hiyo ndiyo starehe yake, hakuna kinachomfurahisha kama kusikia mtu mzima anagombezwa. Lakini Mama Makochi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anakitazama kiti, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hakujua amekosea wapi.

"Ulimpima akiwa anakuogopa, Mama," dokta wa mazoezi akasema taratibu. "Watoto hawa wakiogopa misuli inakaza, mgongo na miguu vinanyooka. Hiki ni kiti cha mtoto mwenye hofu. Akifurahi tu, hakimwenei."

"Umelijua lini hilo?"

"Siku ile ile unampima."

"Na hukuniambia."

"Nakuogopa na mimi."

Mama Makochi alivuta stuli akaketi. Uso ulimshuka. Akawa anawahesabu moyoni, mtoto mmoja baada ya mwingine, wote aliowapima wamekakamaa, na wazazi waliochukua viti wakashukuru na kuondoka, wasirudi. Alikuwa akidhani hawarudi kwa sababu viti ni vizuri. Roho ilimuuma kweli, tena vibaya.

Lakini zilibaki siku tatu, na mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Aliinuka akasema mtoto apimwe upya, sasa hivi. Alipotoa tu futi, Chiriku akakakamaa palepale kama ubao. Mama Makochi alijaribu kutabasamu, ikawa mbaya zaidi, maana sura ile haikuzoea. Fundi rangi alijitolea agombezwe yeye. Dokta akamgombeza, lakini mtoto hakutikisika, kwa kuwa baba kugombezwa anakuona kila siku nyumbani.

Fundi rangi akakohoa. Akasema kwa adabu zote, macho chini, kwamba kama ingewezekana, pengine, Mama mwenyewe ndiye angegombezwa.

Mama Makochi alimtazama, akamtazama na binti. Akashusha pumzi. "Haya, mwanangu," akasema. "Nigombeze."

Dokta alianza kwa woga, akasema Mama leo umechelewa kufungua. Chiriku hata hakupepesa. Yule mtoto si mjinga, anajua ugomvi wa kweli na wa kuigiza. Binti akajaribu tena, sauti ikapanda kidogo, akasema gundi inaachwa wazi kila jioni na harufu inafika mpaka kwenye chumba cha mazoezi. Mdomo wa mtoto ukacheza. Binti akasema, na kikombe changu cha chai, kile chenye maua, nani anakitumia kuloweka brashi? Chiriku akakoroma kwa kicheko. Sasa binti akawa amepata njia, na miaka mitatu yote ikafumuka. Alisema siku ile ya wageni kutoka wizarani, nani alitangaza mbele yao kwamba shahada yangu haijui kushika bisibisi? Nani ananituma sukari kama mtoto wa nyumbani? Nani anajiona mwenye hospitali hii?

Chiriku mbavu hana. Mate yanamtoka, machozi yanamtoka, amelegea kama kitambaa. Na Mama Makochi yuko chini amepiga magoti, futi mkononi, anapima. Majibu yalikuwa yamemjaa mdomoni, makali, anayo tangu zamani. Aliyameza moja baada ya jingine, akataja namba, fundi rangi akaziandika kwenye kipande cha plaiwudi. Nyonga zimepungua sentimita tatu. Mgongo umepungua saba. Alikuwa mtoto mwingine kabisa.

"Umemaliza?" Mama Makochi aliuliza, jasho linamtiririka.

"Bado stuli," dokta akasema. "Ile uliyoikalia ni yangu pia."

Hapo hata Mama Makochi alishindwa. Alicheka akiwa palepale sakafuni, akashika meza ili asianguke, na fundi rangi akacheka kwa kuwaona wao, na mfuaji akachungulia mlangoni kuona kuna nini, akaogopa, akaondoka.

Kwa mtoto mmoja stoo hutoa mbao za kiti kimoja tu, kibali ndivyo kinavyosema. Kwa hiyo alikibomoa kile cha kwanza, na mbao nyingine zilipopasuka aling'oa rafu anayowekea birika lake. Ijumaa nzima na Jumamosi dokta alikaa naye karakanani, amshikie hapa, ampimie pale. Kila hatua Mama Makochi alisimama akamuuliza, hapa vipi? Mwanzoni binti alidhani anatania. Jumapili fundi rangi akaja na kopo lake akakipaka kiti rangi ya manjano, matabaka mawili mazito, akakipepea kwa gazeti ili kikauke.

Jumatatu wote watatu walisimama nje ya dirisha la darasa, wakabanana pembeni mtoto asiwaone. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa akifundisha. Kengele ikalia. Chiriku alikuwa mstari wa mbele, ndani ya kiti cha manjano. Dakika kumi zikapita. Watoto wakaimba, akacheka, mwili ukalegea, na kiti kikampokea, hakuteleza hata kidole. Mama Makochi alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi. Nusu saa. Saa nzima. Mtoto aliinama kidogo upande wa kulia, sponji ikamrudisha.

Fundi rangi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alinong'ona, tazameni mikono. Miaka saba mikono ile ilikuwa na kazi moja, kumshika yeye shingoni asianguke, na hakuwahi kujua inaweza nini kingine. Sasa ilikuwa juu ya kimeza, haijashika kitu chochote. Mmoja ulichukua chaki, ukaiangusha, ukaiokota. Baba mtu aliziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu aliandika ubaoni tatu kujumlisha mbili, akauliza nani anajua. Mikono ikanyooka darasa zima, na katikati yake mmoja ulipanda polepole, unatetemeka, ukafika juu ukakaa. Mwalimu aliutazama kwa muda.

"Haya, wewe wa kiti cha manjano."

Darasa likangoja. Shingo ikahangaika, midomo ikajipanga. "Nne," Chiriku akasema, kwa sauti kubwa na bila wasiwasi wowote.

"Siyo nne," mwalimu akasema, kama anavyowaambia wote. "Kahesabu vizuri nyumbani. Kesho nitakuuliza tena."

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamwagika nje. Pale dirishani fundi rangi alikuwa amekunja uso, anaona aibu ya lile jibu. Mama Makochi akamkamata mkono kwa nguvu zote za mtu aliyepiga misumari miaka thelathini.

"Wewe baba, umesikia?" akasema, na machozi yanamshuka bila kuyafuta. "Kasema kesho."