Gari Lililotumwa Moshono

Siku ya kumuaga Afande Solomoni, bwalo la polisi lilipendeza, jamani. Viti vimevalishwa vitambaa vya bluu, spika zinapiga kwaya ya usharika wake, na mbele ya meza kuu ndafu kalala kwenye sinia, mbuzi mzima aliyechomwa akaiva, kabanwa majani mdomoni kama vile bado anakula. Wakubwa walisifu mpaka sifa zikapitiliza. Miaka thelathini na minane kazini, hana doa! Wakampa cheti, jokofu na godoro la futi sita. Wazee wa Moshono wakamvika shuka na kumkabidhi fimbo. Yeye alishukuru kila aliyempa mkono, lakini macho yalikuwa mlangoni.

Alikuwa anamngoja Lemomo.

Lemomo ni rika lake. Walitahiriwa asubuhi moja, kwenye baridi ile ya Juni inayoshuka kutoka Mlima Meru ikakata masikio, na wakauguza vidonda pamoja. Kwa Waarusha wa siku zao, kijana hakunywa maziwa peke yake na mwenzake wa rika yupo. Hao wawili walikunywa kibuyu kimoja, huyu akipiga funda anampa yule. Na utani je! Lemomo alimwita Masikio, maana Solomoni kajaliwa masikio kweli kweli. Hata alipokuwa na nyota mabegani, Lemomo alikuwa akimkuta njiani anapaza sauti: "Masikio, hiyo kofia inakaaje hapo?"

Solomoni akazungushwa Songea, Kigoma, Tanga, mwishowe akarudishwa nyumbani kuwa mkuu wa kituo. Haukupita muda, mtamba wa mtu akapotea, na mwenye mtamba akamtaja Lemomo. Sasa wewe niambie, kutoka mjini mpaka Moshono ni mbali? Angepanda bodaboda akamuuliza mwenzake uso kwa uso. Hakwenda. Aliogopa watu wasije wakasema anambeba rika lake, akatuma gari. Na siku yenyewe, masikini, wageni walikuwa wamekuja kumposa Silantoi, binti wa Lemomo. Baba mtu akanyanyuliwa kwenye kiti mbele yao, akatiwa pingu, akapakiwa nyuma. Wageni hawakumaliza hata chai. Kesho yake mtamba akaonekana bondeni anakula mahindi ya watu. Lemomo akaachiwa, lakini posa ilishakufa.

Solomoni hakwenda kusema pole. Kwanza alijiambia sheria ni msumeno. Halafu kazi zikambana. Halafu ikawa aibu, na aibu ya mtu mzima ukiilea inaota mizizi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, wakawa wanapishana mlangoni mwa kanisa kwa kuitikiana kichwa tu. Iliuma, na iliendelea kumuuma.

Ndipo kuagwa kukamletea wazo. Anayeagwa ndiye hukata ndafu na kuwalisha anaowaheshimu. Kipande cha kwanza angemlisha Lemomo, na mbele ya hadhara yote angetamka: huyu ni rika langu, na nilimkosea. Usiku wa kuamkia sherehe alimweleza mkewe, Naipanoi.

"Wazo zuri," Naipanoi alisema. "Ila nenda ukamwite mwenyewe, baba Hope. Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Muda uko wapi? Nitatuma gari la kituo limchukue."

"Gari? Gari tena?"

"Ni heshima hiyo! Wakubwa wote wanafuatwa na gari."

Naipanoi alimtazama, akageukia ukutani. Lo! Mtu akizoea kuita wenzake kwa gari, miguu yake anaisahau.

Basi pale bwaloni mshereheshaji akatangaza: "Kipande cha kwanza ni cha Mzee Lemomo! Mzee Lemomo tafadhali!" Watu wakageuza shingo. Solomoni kasimama na kipande cha nyama kwenye uma. Akaitwa tena. Mlango ukafunguka, akaingia Koplo Godwin, dereva, peke yake. Akaja mpaka mbele, akamwinamia mkubwa wake sikioni.

"Hakuja, Afande."

"Ulimwambia ni sherehe?"

"Nilimwambia, ila nilichelewa. Gari lilivyosimama tu, wajukuu wakakimbilia ndani wanalia. Mzee akatoka kashavaa koti. Akaniletea mikono yote miwili, Afande, kaiweka pamoja, anangoja pingu. Nikamwambia, mzee, hapana, unaitwa kwenye sherehe. Akasema, 'Mwambie gari hilo nilishalipanda mara moja. Inatosha.' Akarudi ndani."

Naipanoi ndiye aliyemwokoa: alinyanyuka, akaja mbio mbio mbele ya mumewe, akafungua kinywa. Vigelegele vikalipuka. Machozi yakamtoka Solomoni mbele ya kila mtu, na watu wakasema, maskini, anaipenda kazi yake.

Asubuhi yake alikwenda Moshono kwa miguu, na shati la kawaida. Silantoi ndiye aliyemfungulia geti.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akitazama chini.

Lemomo alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Akamsogezea mgeni kiti kilicho kizuri.

"Karibu, Afande."

"Lemomo, nilikukosea," alisema kabla hajakaa. "Siku ile nilitakiwa nije mwenyewe. Na jana pia. Nisamehe."

Lemomo alilimaliza hindi alilolishika, akatupa gunzi pembeni.

"Nilishakusamehe siku nyingi. Sisi ni watu wa kanisa."

Moyo wa Solomoni ukaruka. Kumbe ilikuwa rahisi hivi! Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaogopa geti tu! Akayashika masikio yake yote mawili, akacheka. "Kofia wameichukua, bwana. Sasa haya yamebaki nje, sijui nitayaficha wapi."

Akangoja. Lemomo alitabasamu kwa adabu, vile mtu anavyomtabasamia mgeni aliyetoka mbali.

"Mungu akujalie pumziko jema, Afande."

Silantoi akaja na sinia. Juu yake palikuwa na kikombe kimoja cha maziwa, kikombe cha wageni, kimewekewa na kisahani. Akakiweka mbele ya Solomoni, akarudi jikoni.

"Na wewe je?" Solomoni aliuliza.

"Mimi nimeshakunywa," alisema Lemomo, akachukua hindi lingine.

Solomoni alikishika kikombe kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa ya moto, yamechemshwa vizuri. Akayanywa peke yake mpaka yakaisha.