Baba Alipotea Ndani ya Kofia ya Kompyuta

Leo nimemsikia baba akisema, "Nimepotea."

Marafiki, nawaandikia kutoka saiba, duka la intaneti, hapa Busia, macho bado mekundu.

Watafiti walimvalisha kofia ya kompyuta. Ndani unaona soko la kuchorwa, unatembea, halafu unarudi langoni. Wanapima kama wazee bado wanakumbuka njia.

Baba amekuwa akivusha ng'ombe mpakani pale Malaba tangu ujana wake. Hajawahi kuuliza mtu njia.

Aligeuka, akageuka tena. Akanyoosha mkono hewani.

"Nimepotea. Kuna mtu hapo?"

"Niko hapa, baba."

Daktari aliyekuwa na watafiti alisema polepole, "Mzee, tupumzike." Akamvua ile kofia.

Tulipotoka, tukafika njia ya kwetu, baba akasimama.

"Tangulia wewe, mama," akaniambia mimi binti yake.

Nikatangulia, nikilia bila kugeuka.

Ninyi mlio na wazee nyumbani, mlianzaje kuwatangulia njiani?