Mkono Uliofumba Kabla ya Koleo

Je, kama ni mimi niliyeona vibaya? Swali hilo lilininyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini Voi. Nilikuwa nimehitimu juzi tu, na Daktari Mkuu wa meno alikuwa akiwatibu watu wa Taita Taveta tangu kabla sijazaliwa. Ningeanzia wapi?

Siku ya kwanza alinipokea mlangoni, mwenyeji wa Mghange, mrefu, mpole. Akanitazama nilivyovaa miwani ya kinga, ile mipana inayofunika macho hadi pembeni.

"Daktari mdogo, umekuja kutibu meno au kuchomelea mageti?"

Sista aliyekuwa akimsaidia akacheka. Miwani ya idara ilining'inia kwenye msumari juu ya sinki, imejaa vumbi. Yeye Daktari Mkuu alivaa miwani yake ya kusomea, iliyokaa chini puani.

"Ile ya msumari inaingia ukungu," alinieleza. "Joto hili la Voi, halafu barakoa, pumzi yote inapanda juu. Bora uone jino."

Ninyi mnaoanza kazi msidhani alikuwa mzembe. Alinifundisha kugonga jino kwa mpini wa kioo huku nikimtazama mgonjwa vidole, maana mtu anaweza kusema haumii na vidole vikamkana. Mtu akija kutoka mbali, kama Bomeni, baada ya foleni kufungwa, hakurudishwa.

Kisha akaletwa kijana wa bodaboda kutoka Mbololo, taya limevunjika. Taya la namna hiyo hufungwa kwa waya mwembamba wa chuma. Unauzungusha kwenye meno, ya juu yanaunganishwa na ya chini, mfupa unatulia mpaka uunge. Ncha za waya zikishasokotwa hukatwa, na anayekata anapaswa kuishika ncha kwa mkono wa pili, kwa sababu ikikatika huruka. Siku hiyo mkono wa pili wa Daktari Mkuu ulikuwa umeshikilia kichwa cha kijana aliyekuwa akitapatapa. Nilisikia mlio mdogo, nikamwona anarudisha kichwa nyuma.

"Daktari, imekupata?"

"Imenigusa tu. Endelea kushika shavu."

Alimaliza kazi yote, ndipo akaliosha jicho la kushoto sinkini, chini ya ile miwani ya msumari. Nilimsihi aende kliniki ya macho, ambayo iko ng'ambo ya ua tu.

"Nikapange foleni na wagonjwa wangu mwenyewe? Si nitakuwa kichekesho!"

Jicho likawa jekundu kwa muda, naye akasema ni vumbi la barabarani. Wekundu ukaisha. Sikujua wakati huo kwamba jicho lililochomwa linaweza kupona kwa nje huku likiendelea kuharibika ndani. Sista akahamishiwa Taveta, na mimi ndiye niliyebaki kumpa Daktari vifaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Nampelekea koleo la kung'olea, mkono wake unafumba kabla haujalifikia. Anamimina maji ya kusukutua, yanapita nje ya kikombe. Mtu anayetegemea jicho moja hupata taabu kupima umbali wa kitu cha karibu, na kinywani kila kitu kiko karibu. Nikajiambia labda amechoka. Labda mimi ndiye ninayechelewesha koleo. Labda nataka tu ionekane kwamba nilikuwa sahihi kuhusu miwani. Alikuwa amebakisha miezi michache astaafu, na neno langu moja lingeweza kuwa ndilo watu watakalomkumbuka nalo. Huku nikiwaza hivyo, nikazoea kumwekea kifaa kiganjani kabisa. Kazi ikanyooka tena, na hilo likanitia hofu zaidi, kwa kuwa sasa hakuna mwingine ambaye angegundua.

Asubuhi moja akaketi kitini mwalimu wa chekechea, gego la chini limeoza. Ganzi ya gego hilo huchomwa ndani kabisa, nyuma ya meno yote. Ncha ya sindano haikufika huko. Ilimchoma mdomo, damu ikatoka.

"Pole, mama. Umetikisika," Daktari Mkuu akasema.

Mama wa watu hakuwa ametikisika.

"Niletee sindano nyingine."

Niliishika sindano mpya, nisimpe. Mkono wake ukabaki hewani ukingoja.

"Daktari, naomba tuzungumze nje."

Tulisimama varandani. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki nyingi, yakapotea yote.

"Jicho lako la kushoto halioni."

"Nani amesema?"

"Mimi ndiye ninayekupa vifaa, Daktari."

"Nimebakisha miezi, binti yangu. Miezi tu."

"Najua."

"Na nikirudi humo ndani?"

"Nitaenda kwa msimamizi wa hospitali sasa hivi." Nikamwonyesha benchi la kliniki. "Afadhali twende sote kliniki ya macho."

Akatazama ng'ambo ya ua. Benchi lilikuwa limejaa, na wengi walimjua. Nilikuwa na hakika atanipita aingie ndani. Akavua glavu, moja, kisha ya pili, akazikunja pamoja.

"Unanipeleka kama mtoto," akasema.

Nikarudi ndani nikamwomba mwalimu radhi, nikamwahidi kumtibu mwenyewe nikirudi, nikafunga chumba. Tukavuka ua. Watu wakasogea kumpisha apite mbele, akakataa. Tukaketi mwisho wa benchi, bega kwa bega, mpaka jina lake likaitwa, bila cheo.