Jezi Iliyorudi Bila Kufuliwa

Mtaani walimwita Mama Povu, na hakuchukia, maana mikono yake ilikuwa na povu tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Miaka kumi na minane alikuwa dobi wa timu ya mji. Kila Jumatatu begi la jezi lilitua uani kwake, na kabla hajachovya kitu kwenye karai tayari nguo zilikuwa zimeshamsimulia mechi nzima. Bukta ya kipa ikiwa na majani kiunoni, siku ilikuwa ngumu. Soksi za winga zikiwa zimetoboka kisigino, basi mtu amekimbia kwelikweli. Jezi namba tisa, ya mshambuliaji, ndiyo iliyokuwa shughuli pevu: tope kuanzia tumboni hadi kwenye kola, tope la langoni kwa wapinzani. Mama Povu aliisugua huku akilalamika, na malalamiko yenyewe yalikuwa ya furaha.

Mumewe alikuwa mwashi. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake, hadi kiharusi kilipompitia na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kuanzia hapo maneno yalimwisha. Ukimwuliza, anajibu "ndiyo" au "hapana," basi. Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi mzee alinyoa ndevu, akavaa kofia yake ya timu iliyofifia rangi, akamshika mkewe mkono wakaenda uwanjani, na huko alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Daktari alisema asiachwe akae tu. Mama Povu alisema moyoni kwamba dawa anayo, ina dakika tisini.

Ndipo alipokuja kocha mpya.

Sijui nani alimfundisha mpira huyu bwana. Watu kumi nyuma ya mpira, pasi kwa kipa, kipa anabutua, mpira unarudi, wanaanza upya. Bila bila. Wiki iliyofuata, bila bila. Mashabiki walipiga kelele "Mbele! Mbele!" hadi wakachoka, wakaanza kupiga miayo. Mechi ya saba, hata mapumziko hayajafika, mzee aliinuka.

"Mama watoto, twende nyumbani," alisema. "Kama ni kutazama ukuta, ukuta ninao kwangu, na ule nimeujenga mwenyewe."

Jukwaa zima liliangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania. Jumamosi iliyofuata hakunyoa. Iliyofuata tena, Mama Povu alimkuta amelala kitandani, uso kaugeuzia ukutani, kofia iko msumarini. Alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono, na kwa mara ya kwanza tangu kile kiharusi aliogopa kweli. Alimpenda mtu huyu. Hakuwa tayari kumwona akiondoka kidogokidogo akiwa bado yuko ndani ya nyumba.

Jumatatu begi lilipokuja, alichomoa jezi namba tisa, akainusa. Ilinukia sabuni. Sabuni yake mwenyewe, ya wiki iliyopita! Mtu amekaa uwanjani dakika tisini na jezi haijapata hata jasho la kwapani. Hasira zikampanda. Alifua zote, akasuuza, akaanika, akakunja, na ile namba tisa akaiweka juu kabisa ya rundo jinsi ilivyokuja, bila kuguswa na maji. Katika miaka yote kumi na minane hakuwahi kurudisha nguo bila kuifua.

Jumanne jioni kocha alikuja mwenyewe, jezi mkononi. Kumbe alikuwa kijana tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama. Nadhani hii uliisahau."

"Marahaba. Sijaisahau. Hebu inuse."

Kocha alisita, akainusa. "Mbona inanukia sabuni?"

"Sasa nikufulie nini hapo, mwanangu?"

Kocha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jezi magotini. "Timu niliyotoka tulicheza wazi," alisema. "Tulifungwa sita, tukashuka daraja. Nilifukuzwa mwanangu akiwa ameshika mkono wangu. Sasa kila wakivuka nusu ya uwanja, najiona nafunga virago tena."

Mama Povu alikuwa amemwandalia matusi ya wiki tisa. Yote yalimpotea.

"Pole, baba," alisema. "Mimi mbinu sizijui. Lakini ndani humo kuna mzee amelala anatazama ukuta. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa anapaza sauti. Sikuombi ushindi. Nakuomba umpe kitu cha kupigia kelele."

Kabla kocha hajajibu, sauti ilitoka chumbani, nzito kwa kukaa kimya: "Mwambie namba tisa asimame karibu na lango lao! Anafanya nini katikati ya uwanja, anachunga mbuzi?"

Mama Povu alijifunika mdomo kwa kitambaa. Ndani ya nyumba ile yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

Kocha aliingia ndani akaamkia. Mzee aliitikia, kisha hakumwonea haya: "Umepaki basi langoni mpaka matairi yameota majani." Mama Povu akawaletea vibanio vya nguo, wakavipanga sakafuni, kumi na moja huku, kumi na moja kule, wakabishana mpaka chai ikapoa. Kibanio cha namba tisa kilisukumwa mbele na mkono unaotetemeka, kikaanguka njiani mara mbili, na kocha akasubiri kila mara bila kukiinua.

Jumamosi mzee alinyoa, akajikata kidevuni. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa rojorojo. Timu ilifungwa tatu kwa mbili. Lakini walishambulia jamani, walishambulia mpaka filimbi ya mwisho, na watu walitoka wakiimba kama walioshinda. Kocha alisimama pembeni, tope magotini, akipigiwa makofi na hajui aweke wapi mikono.

Jumatatu begi lilifunguliwa. Jezi namba tisa haikujulikana rangi yake. Mama Povu alipoinyooshea mkono, alikuta mumewe ameshavuta kigoda, ameshika brashi kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameukandamiza juu ya jezi ili utulie.

"Hii niachie mimi," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka, inatoka kwa mbali.

Alisugua kidogo, akasita kwenye doa kubwa la begani. "Hili ni la bao la pili. Krosi ilitoka kulia, beki akamvuta, yeye akaruka hivyohivyo, akaupiga kichwa, akaanguka nao. Uliona?"

Mama Povu alikuwa amekaa kando yake siku ile, bega kwa bega. Lakini bao la pili hakuliona. Wakati linaingia, alikuwa anamtazama yeye.

"Sikuona vizuri," alisema, akavuta karai karibu. "Hebu nisimulie."