Shimo Juu ya Kisima cha Bibi Kalunde

Ninyi vijana mtakaosoma maneno haya, tulieni kwanza. Mimi darasani sikukaa sana, lakini jambo hili halikutaka darasa. Lilitaka macho, na macho nilikuwa nayo.

Nakumbuka masika moja enzi za Mwingereza, nilipokuwa mke mgeni pale Kwihara. Tulikuwa tumejenga tembe jipya, nyumba ya udongo kuanzia kuta mpaka paa, na tembe, mwanangu, hula udongo. Tulipochimba pakabaki shimo refu, limepita udongo mgumu mpaka kwenye mchanga. Kila nyumba ilikuwa na shimo la namna hiyo, na kila nyumba ililifanya jalala. Mimi, kwa kutaka sifa, alfajiri nilishafagia: majivu, matumbo ya kuku, mavi ya mbuzi, machicha ya pombe, vyote shimoni. Ua wangu ulisifiwa kijiji kizima.

Chini yetu, mteremkoni, alikaa mjane mmoja, Bibi Kalunde, na kisima chake. Wazee walisema hata wapagazi wa misafara walikuwa wakitua hapo kujaza vibuyu. Masika ile maji yake yakawa mekundu kama chai, yakanuka. Na kwetu mgeni hupokewa kwa maji. Mtu ambaye maji yake hayanyweki, haichukui muda ataanza kusemwa mengine.

Aliyeanza kusema ni mimi. Tulikuwa wanawake wengi pale kisimani.

“Shikamoo, bibi. Leo umetupikia nini humo, paka?”

Wenzangu wakaangua kicheko. Bibi Kalunde akanitazama. “Marahaba, mwali. Nami ndiyo hayo hayo ninayokunywa.”

Tangu hapo hakuna aliyegusa maji yake. Hata alipofanya ibada ya kumkumbuka mumewe, watu walikuja na vibuyu vyao. Kumfanyia mtu hivyo ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo.

Jioni ya ibada ile, mama mkwe wangu, niliyemwita Mayu kwa Kinyamwezi, alinishika mkono akanipeleka shimoni.

“Juzi mvua ilijaza shimo hili mpaka juu. Maji yako wapi?”

“Yamekauka, Mayu.”

“Kwa jua lipi? Wewe umeliona jua wiki hii?”

Akatoa kata ya maji chini ya kaniki yake. “Nusa.”

Nikanusa. Machicha yangu, mwanangu. Shimo langu lile lile.

“Yametoka kwa Kalunde,” akasema. “Haya, kunywa. Mchuzi umeupika mwenyewe.”

Sikuweza. Nyani haoni kundule, nami langu lilikuwa limefagiwa vizuri, likamwagikia kwa mwenzangu. Hata leo nikiandikisha haya uso unaniwaka.

Tulizoa taka zote, tukafukia shimo. Nikaenda kwa Bibi Kalunde nikapiga magoti, nikasema kila kitu mbele ya wanawake wale wale. Akasema, “Nimesikia, mwali.” Basi. Lakini kilichokwisha kuzama ardhini hakisikii radhi. Masika iliyofuata maji yalinuka, na nyingine tena. Mwishowe akahamia kwa binti yake, upande wa Kipalapala. Nilimbebea mtungi wake mpaka mwisho wa mashamba, akaupokea bila kunitazama, akaenda zake.

Kwa hiyo shikeni hili. Ardhi si sanduku la kufungia uchafu. Taka unazozika hulowa, na ule mchuzi wake hutembea usiku na mchana, polepole, kuteremkia kwa mtu. Kabla hujamcheka jirani kwa maji yake, panda mteremko utazame juu yake kuna nini. Huenda ukakuta ni kwako.

Mungu awape visima vitamu, na majirani wanaokunywa kwenu bila kusita.

Nilipopata mji wangu mwenyewe niliwaambia watu wa nyumba yangu, na sijabadilisha: udongo wa kujengea uchimbwe mteremkoni, chini ya visima, kamwe si juu yake. Shimo lifukiwe kwa udongo mtupu. Na anayeona uvivu kupeleka taka mbali, maji yake ya kunywa akayachote chini ya jalala lake.